Kompyuta ya Mama Karan na Mdogo Wangu Ignas

KITUO CHA POLISI, SHINYANGA MJINI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Vumilia Jilala
Umri: Miaka 33
Kabila: Msukuma, mzaliwa wa Ushirombo
Dini: Mkristo
Kazi: Karani wa kompyuta, duka la dawa za jumla
Makazi: Ibadakuli
Tarehe: Ijumaa, 20/11/1998, saa mbili na nusu asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu wa tumbo moja, Ignas Jilala, umri miaka 24, ambaye tangu Jumanne jioni sijui alipo. Nimemwambia Koplo anayeniandika kwamba naogopa, naye amesema hofu haiandikwi kwenye maelezo. Nimemwomba aiandike hivyo hivyo, kwa sababu bila hofu hiyo haya niliyoyafanya yataonekana ya mwendawazimu.

Koplo ameniuliza ni kitu gani kimeibwa. Nimemjibu kwamba hakuna. Kompyuta ipo juu ya meza yangu, dawa zipo kwenye rafu, mlango haukuvunjwa. Akauliza, kama hakuna kilichoibwa, aandike kosa gani? Nikamwambia aache nafasi, labda mbele ya safari atalijua yeye mwenyewe.

Tajiri wangu ni Bi. Anar Vinod, mjane wa marehemu Bwana Vinod. Mji mzima unamwita Mama Karan, kwa jina la mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Tunauza dawa kwa jumla kwa maduka na zahanati, kuanzia Didia hapa jirani hadi huko machimboni Geita. Kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta kila katoni inayotoka: ni dawa gani, imekwenda kwa nani, na namba yake ya toleo. Namba ya toleo ni ile inayopigwa kiwandani juu ya dawa zote zilizotengenezwa pamoja. Stakabadhi zetu za karatasi hazina namba hiyo, imo kwenye kompyuta tu. Bwana Vinod aliinunua mashine hiyo mwaka mmoja kabla ya kufa, na mimi ndiye niliyepelekwa Mwanza kusomea.

Mnamo tarehe 16/11/1998, siku ya Jumatatu, majira ya saa mbili asubuhi, nilifungua ofisi kama kawaida. Kwenye mzigo uliokuja na basi kulikuwa na bahasha ya wakala wetu wa Dar es Salaam, ndani yake disketi iliyoandikwa "Bei mpya". Kila mwezi hutuletea bei kwa njia hiyo, kwa hiyo sikuwa na shaka. Niliiingiza kwenye kompyuta. Mashine ilikoroma kwa muda mrefu kuliko ilivyozoea, kisha kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi ya kijani kwa Kiswahili. Yalisema hivi: "Kumbukumbu zako zote nimezifunga. Zitafunguka kwa neno moja tu, nalo ninalo mimi. Ukikosea neno hata mara moja, zitafutika. Ukimwita fundi, zitafutika. Ukienda polisi, nitajua. Subiri simu."

Nilidhani ni utani wa mafundi. Nikabonyeza kitufe cha kutokea, maandishi yakabaki pale pale. Nikavuta kiti nyuma, kwa sababu nilijikuta nimekaa karibu nayo mno. Nilimwita Mama Karan, akavaa miwani, akasoma mara mbili. Aliniuliza, "Huyu mtu yuko wapi?" Nilimwambia sijui. Akaniuliza tena, "Yumo ndani ya hii?" Nilitaka kumcheka lakini kicheko hakikutoka, maana hata mimi kwa wakati ule sikuwa na uhakika.

Dereva wetu, Nkwabi, aliingia akatukuta tumesimama. Yeye ni mtu wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, huko kwao. Alipoelezwa alisema, "Mpigeni chenga mpaka tumjue. Tukishamjua, polisi hawana haja ya kuchafua mikono." Alilisema kwa upole, kama mtu anayepanga safari. Sisi wa huku tunajua sungusungu wakimpata mtu inakuwaje.

Majira ya saa tisa alasiri simu ililia. Mama Karan aliipokea mezani kwake, na mimi nikainua ile ya pili iliyo mezani kwangu, kama alivyoniagiza. Ilikuwa sauti ya mwanamume aliyeziba mdomo kwa kitambaa. Jambo la kwanza alilosema ni hili: "Shikamoo, Mama Kunal."

Mama Karan akajibu, "Marahaba." Jibu lilimtoka lenyewe, kama linavyomtoka mtu yeyote mwenye umri wake. Kisha yule mtu akakohoa, akaanza vitisho. Alisema anataka shilingi milioni nne, ziwekwe ndani ya boksi la dawa, zitumwe Geita kwa basi, kwa jina alilotutajia. Alisema atapiga tena kesho yake kusikia jibu. Simu ikakatwa.

Hapa naomba Koplo aandike polepole. Hapa mjini hakuna anayemwita tajiri wangu Mama Kunal. Kunal alikuwa mtoto wake wa kwanza, na alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu, huko Ushirombo, walikokuwa na duka kabla ya kuhamia hapa. Mama yetu mzazi alikuwa mpishi wao, na mtoto yule alilelewa mgongoni kwake. Alipokufa, wenyewe waliacha kulitaja jina lake kwa uchungu. Mama yetu alikataa. Alitufundisha kwamba mtoto aliyekufa bado ni wa mama yake, na kwamba mwanamke haachi kuitwa kwa mzaliwa wake wa kwanza. Kwa hiyo nyumbani kwetu alibaki kuwa Mama Kunal. Mama yetu ni marehemu. Tuliobaki tunaomwita hivyo ni wawili, mimi na Ignas.

Niliirudisha simu mahali pake. Mama Karan alikuwa ananitazama na mimi nikamtazama. Nilijua kwamba amejua, naye alijua kwamba nimejua. Alisema tu, "Funga dirisha, vumbi linaingia." Nikalifunga. Nkwabi alipouliza aliyepiga amesemaje, Mama Karan alimjibu kwamba simu ilikuwa mbaya, hakusikia vizuri.

Koplo ameniuliza kwa nini sikusema siku ile. Jibu ni kwamba Ignas nimemlea mimi. Mama alipofariki alikuwa na miaka tisa. Nilimsomesha kwa mshahara wa duka hilo hilo, na nilipotoka Mwanza kusomea kompyuta nilimfundisha nyumbani kwa kuchora vitufe kwenye ubao. Mwaka jana alikwenda Geita, akisema amepata kazi kwa mnunuzi wa dhahabu mwenye kompyuta. Alipokuja Pasaka nilimsimulia kila kitu cha kazini, hata habari za disketi ya bei. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi usiku ule nililia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Mnamo tarehe 17/11/1998, Jumanne, mara tulipofungua, ilipigwa simu na muuza dawa mwenzetu wa Mwanza. Alisema kuna toleo la kwinini ya sindano limeharibika tangu kiwandani nje ya nchi. Huko mkoa mwingine watu wawili waliochomwa walitetemeka na kufa kabla jua halijazama. Alitutajia namba ya toleo. Mama Karan aliiandika kiganjani kwa sababu karatasi haikuwa karibu. Aliniuliza, "Hilo tunalo?" Nilimwambia lilikuja mwezi wa kumi, nalikumbuka, na lote limeshatoka. Akauliza limekwenda wapi. Nikaitazama kompyuta.

Wateja wetu wa kwinini wanazidi arobaini, na wengi hawana simu. Mvua zimeanza, malaria imejaa kila zahanati. Tukituma watu kutangaza kwamba kwinini yote isitumike, wagonjwa watakufa kwa malaria. Tukinyamaza, watakufa kwa sindano. Nimefanya kazi ya dawa miaka kumi na moja na sikuwahi kuiogopa dawa, lakini siku ile kila katoni niliyoiona rafuni niliiogopa.

Simu ililia saa nne na nusu. Sauti ilikuwa ile ile ya kitambaa, safari hii bila salamu. Ilisema, "Mama, umefikiaje?" Kabla Mama Karan hajajibu, nilisema kwenye simu ya pili, "Ignas. Ni mimi."

Nilimsikia anavyohema. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, bila kitambaa, "Weka simu chini, dada."

Nilimwambia siweki. Nilimweleza habari za kwinini mbovu na wale watu wawili waliokufa. Nikamwambia, "Sema neno tufungue tujue imekwenda wapi. Mengine tutayamaliza nyumbani."

Alisema, "Neno sina."

Nilimwambia asinifanye mtoto. Akasema, "Haki ya Mungu, dada, sina. Mimi kazi yangu ni kupiga simu na kupokea boksi. Neno analo yeye, na halitoi mpaka nimwambie mzigo umefika mikononi."

Nilimuuliza ni nani huyo. Alisema, "Usitake kumjua. Ni mtu asiyesalimia." Alieleza kwamba sisi si wa kwanza. Kuna mwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kuna muuza vipuri wa Kahama, wote walilipa wakakaa kimya kwa aibu. Alisema, "Anasema hii ndiyo dhahabu yenyewe, haina shimo wala udongo. Kila tajiri sasa ananunua kompyuta, na kila mwenye kompyuta atamfikia." Alipokuwa anasema hayo sauti yake ilikuwa ya kitoto. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa kuliko mimi.

Mama Karan aliingilia. Alisema, "Ignas, mwanangu, ninalipa. Leo hii ninatuma." Ignas alijibu, "Mama Kunal, basi la leo limeshaondoka. La kesho litafika jioni." Kisha akasema, "Nitamwambia nimeupokea."

Nilimuuliza, "Na akijua hujaupokea?"

Alisema, "Ya kesho ni ya kesho, dada. Kaeni karibu na simu." Akakata.

Tulikaa. Wateja walikuja, Mama Karan akawa anawauzia mwenyewe, na mara mbili alimpa mtu dawa siyo. Nkwabi tulimwambia ajaze mafuta na asiende mbali. Nilikuwa nawaza mtu huko porini anapandisha homa, mganga wa zahanati anavunja kichupa, na mimi ndiye niliyekitoa rafuni.

Saa kumi na moja jioni simu ililia. Niliipokea mimi. Alikuwa Ignas, lakini aliongea kwa uchangamfu wa uongo, kama mtu anayeongea mbele ya watu. Nilishindwa kujizuia, nikaanza kulia. Akasema, "Dada, nyamaza."

Nikanyamaza. Nikasubiri neno. Akasema tena, "Nyamaza." Nikamwambia, "Nimeshanyamaza, sema neno." Nikasikia mwanamume mwingine karibu naye akimuuliza anaongea na nani. Ignas akacheka, kicheko ambacho sikijui, akasema, "Ni dada yangu, ana msiba, namtuliza." Kisha akaniambia kwa mara ya tatu, taratibu, kama nilivyokuwa nikimfundisha kusoma, "Nya-ma-za." Simu ikakatika.

Nilimlaani. Nasema kweli mbele ya Koplo, nilimlaani mdogo wangu kwa sauti. Nilisema amenipigia kunituliza wakati watu wanakufa. Mama Karan alikuwa amesikia kwenye simu ya pili. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akasema, "Vumilia, mtu mzima haambiwi kunyamaza mara tatu. Hilo ndilo neno."

Nilimwambia tukikosea zitafutika zote. Alisema, "Ninajua." Nilinyoosha mikono juu ya vitufe, vidole vikakataa. Mama Karan, ambaye hajawahi kuigusa mashine ile, alinisogeza, akaandika yeye kwa kidole kimoja, akitafuta herufi moja moja na kunionyesha kila moja kwanza. Alipofika mwisho aliniuliza abonyeze wapi. Nikamwonyesha. Akataja jina la Mungu wake, akabonyeza. Kioo kikawaka, kumbukumbu zetu zikarudi kama tulivyoziacha.

Toleo lile lilikuwa limekwenda sehemu tatu: zahanati ya Didia, zahanati moja Ushirombo, na nyingine ya machimboni karibu na Geita. Nkwabi aliondoka pale pale. Didia alikuta katoni haijaguswa. Ushirombo alifika Jumatano asubuhi, akakuta vichupa viwili vimetumika. Mzee mmoja alikuwa ametetemeka usiku kucha lakini yu hai, na mwanamke mmoja mjamzito alikuwa hajaanza kuonyesha dalili, akapelekwa hospitali. Machimboni alikuta mganga ameshika kichupa mkononi. Hayo nimeambiwa na Nkwabi mwenyewe, ambaye tulilazimika kumweleza ukweli wote kabla hajaondoka. Kuhusu Ignas alisema tu, "Kumbe ni mtoto wa nyumbani," na hakutaja tena sungusungu.

Siku hiyo ya Jumatano, asubuhi, Mama Karan alituma fedha zote kwa basi la Geita, kwenye boksi, kwa jina lile tulilopewa. Nilimwambia kumbukumbu zimeshafunguka, anamlipa nani? Alisema, "Ili Ignas asionekane mwongo."

Nkwabi alipita Geita jioni ile ile, akauliza mpaka akakipata chumba cha Ignas. Alikuta mlango uko wazi, redio inaongea peke yake, na viatu vyake viko chini ya kitanda. Ana jozi moja tu, ninajua kwa sababu nilimnunulia mimi. Majirani walisema hawakuona kitu. Nkwabi anasema walilisema hilo kabla hajawauliza.

Jana, Alhamisi, basi lilirudi jioni. Kondakta alileta boksi letu dukani. Alisema amekaa nalo hadi asubuhi na hakuna aliyekuja kulichukua. Mama Karan alikata kamba, fedha zilikuwemo zote. Aliketi sakafuni katikati ya duka, na hakuinuka hata wateja walipoingia. Mimi sikulala. Kulipopambazuka nilivaa, nikaja hapa.

Koplo ameniuliza kama ninaelewa kwamba maelezo haya yanamtia hatiani ndugu yangu. Ninaelewa. Amefanya kosa na nimelitaja, pamoja na jina lake na sura yake: ni mrefu, mwembamba, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, huenda hana viatu. Ninaomba mkamkamate. Ninaomba mkamkamate leo, mumtie pingu, mumfungie mahali penye mlango wa chuma na askari nje. Nitamletea chakula kila siku na sitalalamika kwa hakimu. Yule mtu asiyesalimia simjui, sijui jina lake wala sura yake, na ninamwogopa hata nikiwa nimekaa hapa kituoni. Nataka mdogo wangu awe mikononi mwenu kabla hajawa mikononi mwake, kama bado kuna kabla.

Sina zaidi ya hayo. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimeyasikia kuwa ndiyo niliyoyasema, na ninaweka sahihi yangu nikiwa na akili timamu na hofu niliyoitaja.

Sahihi: V. Jilala

MAELEZO YA AFISA: Mimi Koplo Marselino nimeyaandika haya kwa mkono wangu, nikamsomea shahidi, naye akakubali. Nafasi ya kosa nimeiacha wazi, nasubiri maelekezo ya mkuu wa kituo. Saa tano kasorobo nilipiga simu ya upepo kwa wenzetu wa Geita kuomba mtu huyo akamatwe. Wamejibu kwamba asubuhi hii wana maiti moja ya kijana imeokotwa kwenye shimo la zamani, haijatambuliwa. Nimewauliza kama ana kovu la moto mkono wa kushoto. Wamesema wanakwenda kutazama. Shahidi bado amekaa kwenye benchi, sijamwambia.